Kupima moyo Dar es Salaam: anza na karatasi, mashine baadaye

Ukiambiwa "nenda kapime moyo", akili inakimbilia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Upanga kwenye eneo la Muhimbili. Usianzie huko. Ile ni hospitali ya rufaa, na mwenye bima ataulizwa fomu ya rufaa kabla hajaulizwa anaumwa nini. Dharura ni habari nyingine: kifua kikibana, jasho jembamba likitoka, pumzi ikikata ghafla, kimbilia idara ya dharura iliyo karibu. Karatasi zitafuata.

Kama si dharura, nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Kwa Dar kuna Amana, Temeke na Mwananyamala. Mweleze daktari dalili kwa tarehe: moyo ulianza lini kwenda mbio, unachoka ukipanda ngazi ngapi, unalala na mito mingapi. Hilo la mito si mzaha, kwani moyo ukidhoofu mtu hushindwa kulala chali. Utapimwa presha na damu, na mara nyingi ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inafanyika hapohapo: waya kumi, sita kifuani na nne mikononi na miguuni, unatulia kimya dakika chache, basi.

Karatasi ya ECG itoe kopi siku hiyohiyo. Karatasi nyingi za mashine hizo huchapwa kwa joto, kama risiti ya dukani, na maandishi hufifia. Ya mama yangu niliihifadhi kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, chini ya bati. Miezi minane baadaye daktari aliishika, akaigeuza upande wa pili, akanirudishia. Ilikuwa nyeupe. Tukaanza upya.

Fomu ya rufaa isome kabla hujatoka chumbani: jina liwe lilelile la kitambulisho na bima, ugonjwa unaoshukiwa uandikwe, sahihi na muhuri viwepo. Herufi moja ikipishana utarudishwa ulikotoka, na nauli ni yako.

Ukifika Taasisi, fika asubuhi. Mapokezi wanafungua faili. Mwenye bima anahakikiwa, wa fedha taslimu anapewa namba ya malipo na kulipia benki au kwa simu. Kisha unaonana na daktari wa moyo, na yeye ndiye anayeandika kipimo. Beba dawa zote unazomeza, na pakiti zake.

ECHO ni ultrasound ya moyo: unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, valvu, yaani milango ya moyo, zinaonekana zikifunga na kufunguka. Haiumi. Kipimo cha kutembea kwenye mashine kinataka raba na nguo nyepesi. Uliza mapema kama usile au usinywe chai, na dawa zipi usimamishe kwanza. Holta, mashine ndogo ya kurekodi mapigo ya moyo, inavaliwa saa 24 au zaidi, kwa hiyo oga kabla ya kuvalishwa. Kuingizwa mrija kwenye mshipa hadi moyoni ni hatua nzito zaidi: unasaini ridhaa na figo zinapimwa kwanza. Mwenye kisukari au anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda aseme mapema, asingoje kuulizwa.

Wa mikoani si lazima mje Dar. Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Hospitali ya Kanda Mbeya na Benjamin Mkapa Dodoma zinapokea rufaa, na mabingwa wa Taasisi huenda mikoani kwa tiba mkoba. Tangazo mtalisikia kupitia hospitali ya mkoa. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kabla ya kipimo. Ukienda deni likishaandikwa, mazungumzo yanakuwa magumu.

Siku ya majibu, omba ripoti iliyoandikwa na kusainiwa. Picha tupu za ECHO hazitamsaidia daktari wa huko kwenu.