Namna ya Kuandaa Michezo ya Kundi katika Sherehe ya Krismasi

Kosa linaloharibu michezo mingi ya sherehe ni kumtoa mtu mapema, kisha kumwacha ameketi pembeni akichezea simu huku wenzake wakiendelea kushangilia. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mchezo wowote, mwandaaji ajiulize mtu atakayeshindwa mwanzoni atakuwa akifanya nini katika dakika 15 zitakazofuata. Asipopata jibu, aurekebishe mchezo huo au auache.

Chukua mchezo wa viti. Kwa kawaida watu 12 huvizunguka viti 11 muziki ukipigwa, na muziki ukizimwa, aliyekosa kiti hutoka na kiti kimoja huondolewa. Ni afadhali viti viendelee kupungua lakini asitoke mtu, na sharti liwe kwamba muziki ukizimwa kila mchezaji awe ameketi, hata ikibidi kupakatwa na jirani. Vikibaki viti vinne, mchezo hugeuka kuwa hesabu ya nani ampakate nani, na hapo ndipo vicheko vinapoanza. Viti viwe vya mbao au vya chuma, kwa sababu miguu ya viti vya plastiki hutanuka na kuvunjika uzito ukizidi. Wageni wasiozoeana wasilazimishwe kupakatana. Kwao yafaa kuanza na mchezo wa kuketi.

Mchezo wa kuketi ninaoupenda kuliko yote ni ule wa kifurushi. Zawadi moja ndogo hufungwa kwa matabaka mengi ya karatasi, kama 15 hivi kwa kundi la watu 10, na kila tabaka liwe na rangi tofauti na lililo chini yake, maana rangi zikifanana mtu huchana mawili kwa pupa bila kujua. Watoto hukipitisha kifurushi mkono kwa mkono katika duara, na muziki unapozimwa, aliyekishika hufungua tabaka moja. Anayesimamia muziki ahakikishe kila mtoto anapata zamu walau mara moja. Kwa watu wazima, badala ya muziki tumia dadu. Mchezaji huvaa glavu nene na kuanza kuhangaika na karatasi, huku jirani yake wa kulia akirusha dadu mfululizo. Ikitokea 6, glavu na dadu vyote huhama, na jirani huyo ndiye anayeingia kazini. Mwaka mmoja nilikifunga kifurushi kwa selotepu pana ya kufungia maboksi, nikijiona mjanja, na karibu nusu saa ikapita kabla ya yeyote kulifikia tabaka la pili. Tuliishia kuleta mkasi. Vipande viwili vya selotepu nyembamba kwa kila tabaka vinatosha kabisa.

Kuigiza bila kusema hakuhitaji maelezo marefu: timu mbili, dakika moja kwa kila mwigizaji, na vikaratasi vilivyoandikwa mambo ya Krismasi. Ila badala ya neno moja kama "nyota" au "kengele", andika tukio zima, kwa mfano mtu anayejifanya kufurahia zawadi asiyoitaka.

Chemsha bongo nayo huwafaa wasiopenda kusimama, mradi maswali yawe na mtego kidogo. Uliza Injili ya Mathayo inataja mamajusi wangapi, na timu nyingi zitaandika watatu bila kusita, ilhali Mathayo hataji idadi yao. Anachotaja ni zawadi tatu, yaani dhahabu, uvumba na manemane. Unaweza kuuliza pia ni nani aliyeandaa onyesho maarufu la pango la Noeli mjini Greccio, Italia, mwaka 1223, na jibu ni Fransisko wa Asizi. Maswali 10 hadi 15 yanatosha. Yakizidi hapo, ukumbi hugeuka darasa.

Kubadilishana zawadi kuwe mwisho, kwa kuwa mtu akishapata kitu mkononi ni vigumu kumwinua tena. Kila mgeni huleta zawadi moja iliyofungwa, yenye thamani isiyozidi kiwango mlichokubaliana, kisha huokota namba. Mwenye namba 1 huchagua zawadi na kuifungua mbele ya wote. Kila anayefuata ama huchukua ambayo haijafunguliwa au humnyang'anya mwenzake aliyekwisha kufungua. Aliyenyang'anywa huchagua nyingine, lakini haruhusiwi kuirudisha ileile papo hapo, na zawadi iliyonyang'anywa mara tatu haiguswi tena. Wa kwanza hakuwa na cha kunyang'anya, hivyo mwishoni apewe nafasi ya kubadilisha. Watu wakizidi 15, gawanya makundi mawili, la sivyo wenye namba za mwisho watasinzia. Tena weka akiba ya zawadi moja iliyofungwa tayari, kwa ajili ya mgeni atakayefika mikono mitupu.