Mpelelezi akisema "nimempata", muulize swali la siri

Tumejifunza hili katika kumtafuta ndugu yetu: kabla hujamkabidhi mpelelezi binafsi picha na taarifa za mpendwa wako aliyepotea, bakiza jambo moja tu ambalo wewe na huyo mpendwa pekee mnalijua. Lisiwe jambo la kusaidia msako, kama kovu, ugonjwa au namba ya simu. Hayo mpe yote. Liwe kama jina la utani alilopewa na bibi yake, au kitu alichovunja utotoni akasingiziwa mwingine. Siku mpelelezi akisema amempata na anataka malipo ya mwisho, mwombe amuulize huyo aliyempata swali kuhusu jambo hilo. Jibu sahihi haliokotwi kwenye mitandao ya kijamii. Picha na hata sauti siku hizi hutengenezwa kwa kompyuta, kwa hiyo zisikutoshe. Tena, mtu mzima aliyeondoka kwa hiari anaweza kukataa anwani yake itolewe, na mpelelezi mwadilifu atamheshimu. Jibu lile litakuonyesha angalau kwamba yu hai.

Mbinu hii haisaidii kwa mtoto mdogo wala kwa aliyepoteza kumbukumbu. Hapo tegemea alama za mwili, alama za vidole au kipimo cha DNA. Hufeli pia kama siri yenyewe imeshasimuliwa kwa watu. Polisi usiwafiche chochote, na nenda kwao kwanza, mara tu unapoingiwa na hofu, bila kusubiri saa 24 zipite.