Cherehani ya mkono ndani ya chumba kimoja: kuanzia kununua hadi foronya ya kwanza

Mwongozo huu ni wa anayeishi chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimekula nusu, ndoo za maji zimekula robo, na bado anataka kujishonea. Nimeuandika baada ya kukaa na wifi yangu wa Mbagala mpaka cherehani yake ikakubali kushona. Wengi hukwama palepale alipokwama yeye, kwa hiyo hapo nitakawia. Kwingine nitapita mbio.

Hatua ya 1: Cherehani yenyewe

Nunua ya mkono, ile nyeusi ya chuma. Vile vidogo vya plastiki vinavyotumia betri sivitaki hata kwa zawadi; vikifika kwenye pindo la kitenge lililokunjwa mara mbili vinagoma. Butterfly ya Shanghai au Singer ya zamani, hata ikiwa imechubuka rangi, hakuna fundi Dar asiyeijua, na vipuri vyake Kariakoo havikosi. Haihitaji umeme wala meza. Unaiweka mkekani, ukimaliza unaisukuma uvunguni. Ubaya wake ni mmoja: mkono wa kulia uko kwenye mpini, kitambaa kinaongozwa na wa kushoto peke yake. Utazoea. Siku ukipata nafasi unanunua meza ya miguu, na kichwa hichohicho kinapanda juu yake.

Watakuambia ufunge mota. Mota ya cherehani ya nyumbani ni kama wati 100, ukishona saa nzima bila kupumzika ni sehemu ya kumi tu ya uniti. Pasi ndiyo inayokula. Lakini kaelezee hesabu hiyo wapangaji mnaochangia Luku moja, wakati wanasikia mota inavuma usiku.

Usinunue bila kuijaribu hapohapo kwa kitambaa na uzi uliokwenda nao. Gurudumu lizunguke laini bila kukwama sehemu yoyote, na bobini kesi (kikopo kidogo cha chuma kinachoshika bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini) iwemo ndani.

Hatua ya 2: Vitu vidogo

Mkasi wa kitambaa, na usiruhusu mtu akatie karatasi. Futi kamba, chaki, pini, kifumulio. Pesa iliyobaki iweke kwenye uzi. Kata kipande, kivute kwa vidole: kikikatika kirahisi, rudisha, hata kama ni bei ya kutupa.

Sindano namba 14 (pakiti huandikwa 90/14) kwa kitenge, kanga na shuka. Namba 11 kwa kitambaa chepesi, 16 kwa jinzi. Angalia sana mpini wa sindano: ya cherehani ya nyumbani ina upande mmoja bapa, pakiti yake HAx1. Ile ya DBx1 yenye mpini wa duara ni ya mashine za kiwandani, na kwenye duka lenye wateja wengi ni rahisi upewe hiyo.

Hatua ya 3: Mahali

Karibu na mlango, mchana. Chini ya kibao cha cherehani weka vipande vya kandambili zilizokatika, vinazuia kuteleza na kelele haiendi kwa jirani. Usikatie kitambaa kitandani, godoro linabonyea na mstari unakwenda upande. Kata sakafuni, sakafu ikiwa imepigwa deki na kukauka.

Hatua ya 4: Kutunga uzi, na ugonjwa wa viota

Hapa ndipo wifi aliponipigia simu: "Wifi, cherehani hii ina mashetani." Nilipofika nikakuta juu ya kitambaa mshono umenyooka, chini kuna lundo la nyuzi limejisokota kama kiota cha shomoro. Alikuwa amekwisha kaza na kulegeza skrubu ya bobini kesi mpaka hajui tena ilikuwa wapi.

Shika neno hili: nyuzi zikijilundika CHINI, mwenye kosa ni uzi wa JUU. Uzi wa juu haukubanwa, ndiyo maana unashuka ovyo na kulundikana huko. Skrubu ya bobini kesi usiiguse kwanza. Fuata mpangilio huu:

Toa uzi wote wa juu. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, ndipo utunge upya. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vya tensheni (vinavyoubana uzi wa juu) vimebana, uzi unapita juu yake badala ya kuingia katikati. Kwa wifi kosa lilikuwa hili, na huenda hata kwako ndilo. Ukimaliza, teremsha mguu, vuta uzi kwa mkono: uwe mzito. Inua mguu, vuta tena: uwe mwepesi. Kama hausikii tofauti, uzi hauko ndani ya visahani, au kuna pamba ya uzi imenasa humo. Mguu ukiwa juu, pitisha ukanda mwembamba wa kitambaa katikati ya visahani, uitoe.

Hakikisha uzi umepita kwenye tundu la ule mkono unaopanda na kushuka. Ukirukwa huo, kiota kinatokea papo hapo.

Kisha sindano. Iingie mpaka mwisho, ndipo ukaze. Upande mmoja wa sindano una mfereji mrefu kuanzia juu mpaka tunduni, pitisha ukucha utausikia. Uzi unaingia tunduni kutokea upande wenye mfereji. Sindano ikigeuzwa, cherehani inaruka mishono au haishiki uzi wa chini kabisa.

Kisha bobini. Uzi ukiwa umezungushwa legelege, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, umwage uzungushe upya. Ndani ya kesi uzi upite chini ya kile kibati cha springi. Toa pia vipande vya nyuzi vilivyonasa nyuma ya kesi. Brashi ya mswaki wa zamani inatosha.

Unapoanza kushona, ule mkono wa uzi uwe juu kabisa, shika mikia yote miwili ya nyuzi nyuma ya mguu kwa mishono ya mwanzo, na gurudumu lizunguke kuja upande wako. Likienda kinyume hata nusu mzunguko, uzi unajisokota.

Sasa jaribu, lakini kwa nyuzi za rangi mbili, juu nyekundu na chini nyeupe, juu ya kipande cha kitambaa kilekile utakachoshona. Nyekundu ikichungulia chini, kaza tensheni ya juu kidogo. Nyeupe ikichungulia juu, legeza. Rangi zikikutana katikati ya kitambaa usizione upande wowote, umefika.

Hata baada ya yote hayo ikikataa, ndipo skrubu ya kesi. Weka kwanza doa la rangi ya kucha kuonyesha ilipokuwa. Shika kesi kwa ncha ya uzi ikiwa na bobini ndani, iache ining'inie. Isishuke yenyewe; ukiitikisa kidogo iteremke kidogo na kusimama. Ikiporomoka, kaza. Isiposogea, legeza. Robo mzunguko kwa wakati, si zaidi, skrubu ile ni ndogo na ikidondoka sakafuni huioni tena.

Hatua ya 5: Foronya

Anza na foronya, si gauni. Nunua shuka la mtumba la pamba Mchikichini, pale Karume: ni pana, limeshafuliwa mara nyingi, halitasinyaa tena. Kwa mto wa sentimita 50 kwa 75 kata kipande cha 53 kwa 174.

Pinda ncha zote mbili fupi, sentimita 2 kila moja. Tandaza upande wa nyuma ya kitambaa ukiangalia juu. Kunja sentimita 20 za ncha moja kuja ndani, kisha leta ncha ya pili juu yake mpaka ifike kwenye mkunjo. Shona pembeni kote kuwili, nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zilizochomoza, geuza nje iwe ndani, piga pasi, shona tena sentimita 1. Geuza. Ukingo umejifungia ndani, huhitaji ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa). Wanaosema huwezi kushona bila ovaloki hawajawahi kulipa kodi ya chumba kwa mkupuo wa miezi sita.

Hatua ya 6: Mafuta

Tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kitundu, zungusha bila uzi, futa, shona kwanza kwenye kitambara. Mafuta ya nazi hapana, usiku wa Julai yanaganda humo ndani na asubuhi gurudumu linakuwa zito. Ya kupikia ndiyo mabaya zaidi, yanageuka gundi. Masika ikianza, ifunike na uinue kibao kutoka sakafuni, unyevu wa Dar hauchelewi kuleta kutu.

Ukishazoea foronya, hamia kwenye kanga. Ifue kwanza itoke wanga, na kabla ya kukata dera isome: jina lina juu na chini yake, na si kila jina la kanga unalotaka likae makalioni.