X-Men: usianzie namba moja

Ukiokota rundo la komiki za X-Men, kundi la mashujaa wenye nguvu za ajabu, kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Kisumu, usijilazimishe kuanza na toleo la kwanza la 1963. Mimi nilijilazimisha, nikasinzia kabla ya la kumi. Kazi ya waanzilishi wake, Stan Lee na Jack Kirby, ionje tu, matoleo matatu manne yanatosha. Na kuanzia la 67 hadi la 93 walikuwa wakichapisha upya hadithi za zamani, kwa hiyo ruka bila kujuta.

Anzia Giant-Size X-Men ya 1975, kisha toleo la 94. Hapo ndipo Storm, shujaa anayetawala hali ya hewa, anapoingia, na Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, anamkuta wapi? Kenya hii hii, watu wakimwabudu na kumwomba mvua! (Sisi wa kando ya ziwa, tunaonyeshewa jioni bila kuomba, lazima tucheke.) Soma polepole hadi la 137, la 1980, Jean Grey, mmoja wa X-Men wa mwanzo, anapokufa.

Chris Claremont, mwandishi wa matoleo haya, aliendelea kuandika hadi 1991, kwa hiyo pumzika ukichoka. Ila namba za matoleo uliyo nayo ziandike nyuma ya daftari. Mimi nina la 141 mara mbili.