Kabla hujachagua kozi, wanetu mliomaliza Kidato cha Sita

Fungueni mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), mtafute kozi yenyewe, si chuo tu. Watu wengi wanaishia kwenye sifa ya jumla, prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), wakadhani mlango uko wazi. Udaktari wa binadamu una mlango wake: Fizikia, Kemia na Bayolojia, zote tatu prinsipo. Na huko kufikisha sifa ni kuruhusiwa kugombea tu. Viti vichache, wenye A wengi.

Kozi pia ndiyo inayoamua pesa. Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ni ya waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, teknolojia, hisabati au tiba. Ukiwa na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) safi ukakimbilia biashara, umeiacha mwenyewe. Si kosa, lakini ujue unachokiacha. Kwa mkopo, sisi wa Unguja na Pemba tunayo bodi yetu ya Zanzibar. Someni masharti yake mapema, msingoje barua ya chuo.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, tuseme SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na cha Dar, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kwa hiyo jaza namba yako mwenyewe, si ya mjomba anayezima simu akienda dago, kambi ya wavuvi.