SOMO: Kupaka dawa ya nano kwenye vioo bila kuyaumiza mapafu

Assalaam alaykum jamani. Nshaulizwa sana kuhusu hii dawa ya vioo vya kujisafisha, zaidi na wenye nyumba za wageni kule Paje na Nungwi ambao vioo vyao kutwa vimeganda chumvi, basi leo naliweka somo zima hapa anaetaka achukue.

Kabla ya yote jua unanunua nini maana dukani zote wanaziita nano, yaani zenye chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kuna inayofukuza maji, tone linasimama kama shanga na kuteremka, hiyo mara nyingi ina silika au dawa za florini. Na kuna ya titani dioksaidi, hii maji hayasimami, yanatandaa bapa kioo kizima, na jua likipiga ile mionzi ya ultravayoleti inaiamsha titani ikavunjavunja mafuta, moshi na mavi ya ndege, mvua ikija inasuuza. Wajapani Fujishima na Honda waliandika habari za titani na mwanga tokea 1972, na Pilkington ya Uingereza wakatoa kioo cha hivi 2001. Ila chumvi na mchanga titani haivunji, hivyo vinaondoka kwa maji tu, na kioo kilichojificha barazani kisichopata jua usipoteze pesa. Anaekwambia hutoshika tena kitambaa anataka kukuuzia.

Hatua 1. Osha kioo kwa maji mengi na sabuni. Maji yetu ya mfereji yana chokaa, yakikaukia kiooni yanaacha madoa meupe, hayo yatoe kwa siki kisha suuza tena. Malizia na spiriti. Mwagia maji kidogo, yakigawika matonetone bado kuna mafuta, rudia.

Hatua 2. Fungua madirisha yote, toa watoto, vaa glavu na miwani. Barakoa iwe N95 au FFP2, zile zinazochuja chembe ndogo, na kama dawa ina harufu kali ya kemikali basi ile yenye filita ya kaboni.

Hatua 3, na hapa ndo penyewe. USIPULIZE. Mimina dawa kwenye sponji, paka taratibu kuanzia juu, kioo kisiwe cha moto, asubuhi mapema au jioni. Ujerumani mwaka 2006 watu wapatao 100 waliumwa, kukohoa na pumzi kubana, baada ya kutumia kopo la kupuliza lililoandikwa nano, wengine wakalazwa mapafu yamejaa maji, na walipolipima walikuta hata hizo chembe za nano hamna ndani! Ukungu wa dawa wenyewe ulikuwa mwembamba mno ukaingia mpaka chini kabisa kwenye mapafu. Kwa hiyo neno nano kopoini halikwambii kama iko salama wala kama ni hatari, kinachoingia puani ndo cha kukiangalia.

Hatua 4. Futa ziada kwa kitambaa laini, acha ikauke kwa muda ulioandikwa. Ya titani ipe siku kadhaa za jua ianze kazi.

Masuali yenu:

Suali: Nimesoma titani inaleta saratani, kweli?
Jawabu: Shirika la utafiti wa saratani la IARC limeiweka kundi 2B, yaani huenda ikasababisha, zaidi kwa sababu ya panya waliovutishwa vumbi lake kwa wingi. Ikishakauka kiooni haina vumbi la kuvuta. Tatizo ni unga mkavu na kupiga msasa. Wamarekani wa NIOSH, taasisi yao ya usalama na afya kazini, 2011 walipendekeza kikomo cha vumbi hilo kazini miligramu 0.3 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa chembe za nano, na 2.4 kwa zilizo kubwa zaidi, ndo uone ndogo zinaogopwa zaidi.

Suali: Nyumba yetu Mji Mkongwe ukuta unashika ukungu kila masika, nipake?
Jawabu: Ya kufukuza maji usithubutu yakhe. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, ukiuziba unyevu na chumvi vinabaki ndani mwisho plasta inabanduka. Piga chokaa yako, na uwaone Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujagusa nje.

Suali (kutoka Chake Chake, Pemba): Bati langu nakinga maji ya mvua ya kunywa, nipake?
Jawabu: Usipake mamangu. Chembe hubanduka kidogo kidogo zikaingia tangini, na dawa nyingi za florini haziozi.

Suali: Kwenye taa za gari za plastiki je?
Jawabu: Ya titani hapana, inakula uchafu na plastiki pia itaila, labda iwe na tabaka la kuzuia chini yake.

Suali: Iliyobaki naimwaga wapi?
Jawabu: Sio mtaroni, mitaro yetu mingi inaishia pwani. Funga kopo, mpe jirani mwenye vioo.