"Inshallah" si True wala False: kugeuza majibu ya ndio na la kwenye Python

Walima wa binamu yangu kule Wete nlipewa kazi ya kuhesabu wageni, mana ukoo mzima mimi ndo "mtu wa kompyuta". Tukatuma meseji, yakarudi majibu 96, nikayatia kwenye faili, nikaandika kodi (code) ya Python mistari mitatu usiku nna usingizi, ikanambia wanakuja wote 96. Sinia moja watu wanne, haya, masinia 24, mpishi akapika. Siku yenyewe wakaja 61. Masinia manane ya biriani yamekaa yanatutazama, na mjomba ananiuliza mbele za watu, "Mwanangu, hiyo kompyuta yako haijui la?"

Kweli ilikuwa haijui. Kosa lenyewe hili hapa:

```python
bool("hapana")   # True
bool("False")    # True pia!
bool("0")        # True
bool("")         # False
```

Yani bool, ile ya Python ya kugeuza kitu kiwe True (kweli) au False (si kweli), haisomi maana ya neno, inachungulia tu stringi (maandishi) ina kitu ndani au tupu, ikiwa na herufi hata moja basi ni True, na kwenye wale 96 hakuna aliyetuma meseji tupu. Kwa hiyo tusiitumie kabisa kwa kazi hii, tufanye hivi.

Hatua ya 1: rekebisha swali kwanza

Hii watu wanairuka wanakimbilia kodi. Sie tuliuliza "utakuja au huji?", mtu akajibu "ndio". Ndio ipi sasa? Na usiulize kwa kukanusha, mana ukimuuliza Mswahili "huji?" akakwambia "ndio", ana maana ndio, siji. Hapo kodi yako hata iwe nzuri vipi itakupa jawabu la kinyume. Uliza "Utakuja? Jibu NDIO au LA" basi.

Hatua ya 2: safisha maandishi

Watu wanaandika "NDIO!!", "Ndio .", "  la". Ondosha nafasi za pembeni, fanya herufi zote ndogo, toa nukta na mshangao:

```python
def safisha(maandishi):
    return maandishi.casefold().strip().strip(".,! ")
```

Alama ya kuuliza nimeiacha makusudi. Mtu akiandika "ndio?" huyo hajaamua, anakuuliza wewe.

Hatua ya 3: orodhesha maneno unayoyakubali

```python
NDIO = {"ndio", "ndiyo", "ndo", "naam", "ee", "ntakuja",
        "nitakuja", "nakuja", "yes", "y", "1"}
LA = {"la", "hapana", "siji", "sitokuja", "sitakuja",
      "no", "n", "0"}
```

Hapa nikwambie kitu. Utatamani kuandika `if "la" in maandishi` ili uwakamate na wanaojibu kwa sentensi ndefu. Usithubutu. Mtu kaandika "Salama, ndio nakuja", na ndani ya sa-LA-ma mna "la", umeshamfukuza mgeni walimani. "Lakini" nayo hivyohivyo. Linganisha jibu zima na seti (zile orodha mbili za juu), sio kipande chake.

Kuna wenzangu watasema mbona Python ilikuwa na strtobool tayari, ya kugeuza maneno kama haya. Ilikuwemo ndani ya distutils, maktaba iliyokuja na Python yenyewe, na distutils imetolewa kuanzia Python 3.12, na hata ilipokuwepo ilijua yes, no, on, off na jamaa zao, "naam" haijawahi kuisikia. Andika yako tu, haifiki mistari kumi.

Hatua ya 4: wape nafasi wasioeleweka

```python
def soma_jibu(maandishi):
    j = safisha(maandishi)
    if j in NDIO:
        return True
    if j in LA:
        return False
    return None
```

None (kwa Python, "hakuna kitu") ndo nyumba ya "inshallah", "tutaona", "Mungu akipenda" na "nani mwenzangu?". Inshallah wewe unaijua na mimi naijua, kuna inshallah ya mtu keshapiga pasi kanzu na kuna inshallah ya mtu anaona haya kukwambia la, na zimeandikwa sawasawa herufi kwa herufi. Kompyuta itazitofautisha vipi? Usiibahatishie.

Angalia mtego mmoja tu: `if not soma_jibu(x)` inawachukua None pamoja na False, inshallah wote wanaingia kwa wasiokuja kimyakimya. Andika `is True`, `is False`, `is None`, kila moja na lake.

Hatua ya 5: hesabu

```python
import math

# majibu: orodha ya (simu, meseji) kutoka kwenye faili
matokeo = [(simu, m, soma_jibu(m)) for simu, m in majibu]
wanakuja = sum(1 for simu, m, r in matokeo if r is True)
wa_kupigiwa = [(simu, m) for simu, m, r in matokeo if r is None]

print("Masinia:", math.ceil(wanakuja / 4))
print("Wapigie:", wa_kupigiwa)
```

math.ceil, inayopandisha hadi namba nzima ya juu, ni kwa sababu wageni 61 ukigawa kwa 4 unapata 15 na mtu mmoja, na huyo mmoja naye ale, kwa hiyo 16.

Ile orodha ya wa_kupigiwa sikuiandikia kodi yoyote, nampa shangazi na vocha ya simu. Akimaliza kupiga, nabadilisha jibu kwenye faili kwa mkono halafu naiendesha tena.

Ndo mana nimeweka `m` pamoja na `r`, maandishi ya asili usiyatupe ukabaki na True na False peke yake. Shughuli iliyofuata, Mkoani, mtu kajibu "la ila mama na wadogo zangu wawili watakuja", kodi ikampeleka kwa None, na shangazi alipoisoma tu akaongeza watu watatu.